Uzi maalum: Mdakaji wa akiba kwenye besiboli ya Marekani, na usiku ule David Ross alipobebwa mabegani

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Huu uzi niliuahidi kwenye ule mjadala wa makipa wa akiba, leo nimepata nafasi ngoja niushushe. Nitaandika kwa awamu maana natumia simu na ndiyo nimetoka kazini.

Kwanza kilichonileta. Nimekuwa golikipa namba mbili wa timu moja ya mkoa kule Morogoro misimu mitatu. Katika misimu hiyo mitatu nilisimama golini mechi 4. Siku nyingine zote kazi yangu ilikuwa kumpigia mashuti namba moja hadi apate joto, kisha kukaa benchi nikisoma mafowadi wa upande wa pili wanapenda kona ipi. Mapumziko nikifika vyumbani namnong'oneza: yule jezi 11 akivuta mguu nyuma sana, anapiga chini kushoto. Hakuna aliyeniona nafanya kazi. Nilipohamia Chicago 2013 nikaanza kuangalia besiboli na wenzangu wa ghalani, nikakuta kwenye mchezo huu mtu wa namna yangu ana cheo chake kabisa, watu wanamjadili redioni, na timu zinagombea kumsajili. Tangu siku hiyo nimemfuatilia mdakaji wa akiba kuliko nyota yeyote.

Kwa ambao hawajawahi kuutazama: mrushaji anasimama kwenye kilima kidogo, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mtu mwenye barakoa ya chuma, kinga ya kifua na kinga za magoti. Huyo ndiye mdakaji. Anapokea kila mpira, mingi inakuja kwa kilomita 150 kwa saa, na kwa mechi moja inaweza kupita 140. Wenzake wanane wote wanatazama upande wake, yeye peke yake anawatazama wao. Ndiye anayeshauri urushwe mpira gani, wa kasi au wa kupinda, juu au chini. Zamani alikuwa anaonyesha kwa vidole alivyovificha katikati ya mapaja, tangu 2022 kuna kifaa cha vitufe kinachopeleka ishara sikioni mwa mrushaji. Lile vazi lake Wamarekani wamelipa jina la "zana za ujinga", kwa maana kwamba mwenye akili zake asingekubali kwenda kuchuchumaa pale.

Timu ina wachezaji 26, wadakaji kwa kawaida ni wawili. Namba moja anabeba mechi nyingi kati ya zile 162 za msimu. Namba mbili anapewa zinazobaki, labda 40, labda 60.

Mtu wangu kwenye uzi huu ni David Ross. Kazaliwa 1977, Bainbridge, Georgia. Dodgers ya Los Angeles walimchukua 1998, raundi ya saba ya zoezi la timu kugawana wachezaji chipukizi, akaingia ligi kuu Juni 2002. Akadumu misimu 15. Wastani wake wa kupiga ni .229, yaani kila mara 100 zinazohesabika alifanikiwa chini ya mara 23. Homurani 106, yaani mipira aliyoivusha nje ya uzio. Kwa namba hizo huwezi kumweka popote karibu na magwiji. Alizunguka Los Angeles, Pittsburgh, San Diego, Cincinnati, Boston, Atlanta, Boston tena, akamalizia Chicago. Na siku yake ya mwisho kazini wenzake walimbeba mabegani mbele ya dunia nzima.

Sasa kuna kipande watu wanakiruka. Cincinnati 2006 alipiga homurani 21, 2007 akapiga 17. Alikuwa anajiona mdakaji namba moja, na alicheza kama namba moja. Agosti 2008 wakamwachia. Akaokotwa na Boston, na ndipo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, bosi wa usajili wa pale Theo Epstein akamwambia wazi kwamba walizozipata kutoka alikotoka ni habari za mtu asiye mwenzi mzuri kwenye timu. Ross alikuwa na miaka 31. Hakuwa anajijua hivyo. Alikuwa anadhani kukasirika akiwekwa benchi ndiyo kuonyesha ana njaa ya kucheza.

Mwaka 2009 akaenda Atlanta kumsaidia Brian McCann, akakaa miaka minne, na huko ndiko alikokuwa mdakaji wa akiba kwa kuamua.

Naendelea kesho Mungu akipenda.

#2 Mdau

Mkuu nimeweka kambi hapa. Ila nina swali. Kama namba moja ndiye bora, kwa nini asicheze mechi zote? Kipa wetu hapumzishwi hata ligi ikiwa na mechi 30.

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana mkuu, na ndipo utamu ulipo.

Jaribu hivi sasa hivi: chuchumaa, uzito uwe kwenye vidole vya miguu, nyanyua mkono wa kushoto mbele yako kana kwamba unapokea kikombe. Kaa hapo dakika moja tu. Mdakaji anafanya hivyo mara mia na arobaini usiku mmoja, na kesho yake tena, kwa miezi sita yenye siku chache mno za kupumzika. Mechi ya usiku ikifuatwa na ya mchana, karibu lazima namba mbili aanze. Wenyeji wanajua hilo bila kuangalia orodha.

Halafu kuna ule mpira uliokwaruzwa na gongo. Mpigaji anaugusa kidogo tu, unabadili njia kwa nusu kiganja, unaingia moja kwa moja kwenye barakoa. Huwezi kuukwepa, hauonekani. Ross mwaka 2013 akiwa Boston alipata mtikisiko wa ubongo mara mbili kwa mipira ya namna hiyo. Akakaa nje karibu miezi miwili, akapelekwa kwa wataalamu Pittsburgh. Alirudi Agosti. Oktoba, kwenye fainali, Boston wakampa mechi za mwisho baada ya namba moja wao kukosea kurusha kwenye mechi ya tatu. Mechi ya tano pale St. Louis, iningi ya saba (mechi ina iningi tisa, kila moja timu zinapokezana kupiga), ngoma 1-1, Ross akapiga mpira wa pembeni uliowaweka mbele. Siku mbili baadaye ndiye aliyedaka straiki ya mwisho ya ubingwa, yaani ule mpira uliomtoa mpigaji wa mwisho. Ile picha ya mtu mwenye zana anamnyanyua Koji Uehara juu hewani, huyo ndiye yeye.

Sababu nyingine ni mrushaji mwenyewe. Mrushaji anaanza mechi moja kila baada ya siku tano. Wengine wanataka mdakaji wao, mtu ambaye wameshazoeana mpaka pumzi. Hapo namba mbili anapata kazi ya kudumu: kila fulani akipanda kilimani, wewe unavaa zana.

Kisa kinachonionyesha uzito wa jambo hili kuliko vyote ni cha Doug Mirabelli. Boston walikuwa na mrushaji anaitwa Tim Wakefield aliyekuwa anarusha mpira usiozunguka. Mpira wa kawaida unazunguka angani ndiyo maana njia yake inatabirika. Wa Wakefield ulikuwa unaelea taratibu bila kuzunguka, upepo unausukuma huku na kule, mpigaji hajui unaishia wapi, mdakaji naye hajui. Mirabelli alikuwa anaumudu, kwa glavu pana kuliko kawaida. Desemba 2005 Boston wakamuuza San Diego. Wakampa kazi kijana Josh Bard, naye katika mechi 5 za Wakefield mipira 10 ikampita. Aprili haijaisha, wote wanajua kosa liko wapi.

Mei 1, 2006 wakamrudisha Mirabelli kwa kumtoa Bard huyo huyo pamoja na mrushaji chipukizi. Usiku huo Wakefield anaanza dhidi ya Yankees ya New York. Mirabelli akapanda ndege kutoka San Diego, pwani ya pili ya nchi, akatua Boston saa ya mechi imekaribia. Polisi wakampakia, king'ora juu, na ndani ya gari lile akawa anavua nguo za safari anavaa jezi. Alifika uwanjani wakati mashabiki wameshakaa. Akavaa zana, akaingia, akadaka. Boston wakashinda 7-3.

Fikirieni wakuu, mtu ambaye hajulikani kwa kupiga wala kwa kukimbia, jiji linamfungulia barabara kwa sababu kuna mpira mmoja wa ajabu ambao anajua kuupokea.

#4 Mdau

Dah, hapo kwenye gari la polisi nimesoma mara mbili. Sasa mkuu tuambie na mkwanja. Mtu wa kucheza mechi 40 kwa mwaka anaishi?

#5 Mleta uzi

Akiwa ligi kuu anaishi vizuri sana. Kima cha chini cha ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa msimu. Siku 43 tu za kuwa kwenye kikosi zinamfungulia pensheni. Ndiyo maana ukimsikia mdakaji wa akiba anahesabu siku, anahesabu uzee wake na watoto wake.

Tatizo ni mlango wenyewe. Chini ya ligi kuu kuna madaraja, na daraja la juu kabisa kati ya hayo lilikuwa linalipa dola 17,500 kwa mwaka hadi mkataba mpya wa 2023 ulipolipandisha hadi 35,800. Namba mbili ndiye wa kwanza kushushwa timu ikihitaji nafasi. Anaambiwa asubuhi, jioni yuko mji mwingine.

Erik Kratz ndiye mfano wangu hapa. Toronto walimchukua 2002 raundi ya 29. Akakaa madaraja ya chini miaka minane. Akaingia ligi kuu Julai 2010 akiwa na miaka 30, umri ambao wengine wanaanza kufikiria kustaafu. Baada ya hapo akawa wa kuhama tu, timu baada ya timu. 2018 akiwa na miaka 38 Milwaukee wakampanga kwenye mechi za mtoano na akapiga 5 kati ya 8. 2020 alimalizia Yankees, na huko waandishi wakamuuliza kuhusu mrushaji kijana Deivi García wa Jamhuri ya Dominika, ambaye Kratz ndiye alikuwa anamdakia. Kratz anaongea Kihispania. Alianza kujibu akashindwa, machozi yakamtoka, kwa sababu miaka yote hiyo ya mabasi na madaraja ya chini alikuwa ameona jinsi vijana wa Kilatini wanavyoachwa peke yao kwa ajili ya lugha. Nilimwelewa. Nami nimefika nchi hii naelewa nusu ya ninachoambiwa, na aliyenisaidia ghalani hakuwa msimamizi, alikuwa mzee mmoja wa Kimeksiko aliyenionyesha kwa mikono.

Na kuna jambo la baadaye. Miaka yote ya kukaa benchi kando ya kocha inaacha kitu kichwani. Kevin Cash alipiga wastani wa .183, tangu 2015 ndiye kocha mkuu wa Tampa Bay. Bruce Bochy alikuwa mdakaji wa akiba misimu tisa, akaja kubeba ubingwa mara nne kama kocha mkuu, mitatu na San Francisco na ule wa 2023 na Texas. Kwa maoni yangu hilo si bahati. Hao watu walilipwa miaka mingi kuangalia.

#6 Mdau (Kampala)

Sisi huku Uganda besiboli tunaijua kidogo. Watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Marekani, 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano yale ya watoto. Na mdakaji tunaye, Dennis Kasumba. Zile video zake ndizo zilitufanya wengi tuulize hii ni michezo gani.

#7 Mleta uzi

Asante sana ndugu yangu wa Kampala, nilikuwa nangoja mtu amtaje. Kasumba alikuwa anajirekodi anafanya mazoezi kwa matairi na vyuma vya gari, amechuchumaa, anadaka, anaruka, anachuchumaa tena. Watu walishangaa vile vifaa. Mimi nilikuwa naangalia nyonga na mkono wake. Angalia tena zile video: mpira ukitua chini hajaribu kuudaka. Anaangusha magoti yote mawili, anainamisha kidevu, anakunja mabega kuelekea ndani ili mpira ukigonga kifua uanguke mbele yake, usiruke pembeni. Hiyo inaitwa kuziba, ni ujuzi wa kufundishwa na kurudiwa maelfu ya mara. Alijifunza bila uwanja wa maana. 2023 akapata nafasi Maryland, timu ya Frederick Keys, kwenye ligi ya majira ya joto wanayoangaliwa vijana. Kutoka Wakiso hadi pale akiwa mdakaji, nafasi ngumu kuliko zote kuingia kama hukukulia kwenye mchezo, ni kitu kikubwa mno.

#8 Mleta uzi

Sasa tumalizie ya Ross. Nimeomba zamu ya kesho nibadilishane na mwenzangu ili niiandike vizuri.

Kulikuwa na mrushaji wa mkono wa kushoto, Jon Lester, walikutana Boston. Bingwa kabisa, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kurusha mpira besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji. Mtu ambaye mpigaji hajui pa kuugonga mpira wake, ule wa karibu tu wa kumrudisha mkimbiaji ulikuwa unamshinda. Msimu mzima wa 2014 hakujaribu hata mara moja. Mkimbiaji anayejua hilo anasogea mbali na besi anavyotaka, anaiba ya pili, yaani anaikimbilia kabla mpira haujapigwa. Ross ndiye aliyekuwa dawa. Mpira ukimfikia tu, bado yuko chini, anaurusha yeye besi ya kwanza kwa nguvu, mkimbiaji anajikuta nje. Desemba 2014 Lester akasaini Chicago Cubs miaka sita kwa dola milioni 155. Mwezi huo huo Cubs wakamchukua na Ross, miaka miwili kwa milioni 5.

2016 Ross akatangaza ni mwaka wake wa mwisho. Vijana wa timu walikuwa wanamwita babu. Anthony Rizzo na Kris Bryant wakawa wanamrekodia safari yake ya kuaga.

Novemba 2, 2016, Cleveland, mechi ya saba ya fainali. Cubs hawajawahi kuwa bingwa tangu 1908. Ghalani kwetu tulikuwa na televisheni kwenye chumba cha chakula, na usiku ule mapumziko yetu yalirefuka bila mtu kusema neno.

Cubs wanaongoza 5-1, iningi ya tano, Cleveland wameshatolewa wawili, mkimbiaji mmoja yuko besi ya kwanza. Kocha Joe Maddon anamtoa mrushaji wake aliyekuwa vizuri tu, anamleta Lester. Lester akija, Ross anakuja. Wakatoka pamoja pembeni, nikaona Ross anafunga mikanda ya barakoa huku anatembea.

Mpigaji Jason Kipnis anaugusa mpira vibaya, unabingirika mbele ya Ross. Anautokea, anauokota, anaurusha besi ya kwanza. Unapita pembeni. Wakimbiaji wako ya pili na ya tatu. Halafu Lester anaukita mpira mmoja chini mapema mno, unaruka, unampiga Ross barakoani. Akayumba akaanguka. Mtu mwenye historia ya mitikisiko ya ubongo. Alipoinuka akaufuata mpira ulikokimbilia, na wakati anaufuata wakimbiaji wote wawili wakaingia. Kwa kosa lililochukua pumzi mbili, 5-1 ikawa 5-3. Mzee wangu wa Kimeksiko akavua kofia yake akajifunika uso.

Mimi nilikuwa naangalia kitu kimoja. Kipa akifungwa goli la kizembe unajua kwa mabega yake kama kazi imekwisha. Ross alirudi pale pale, akachuchumaa, akamnyooshea Lester kiganja cha glavu katikati. Wakamaliza iningi.

Iningi ya sita anaingia kupiga. Kilimani yuko Andrew Miller, mrushaji ambaye Oktoba ile yote alikuwa hapigiki. Ross ana miaka 39. Miller akarusha, Ross akazungusha gongo, na mpira ukaenda katikati ya uwanja ukavuka ukuta. 6-3. Hakuna mtu wa umri wake aliyewahi kupiga homurani mechi ya saba ya fainali. Na ile ikawa hiti yake ya mwisho ya maisha, yaani mara ya mwisho kupiga akafanikiwa. Chumba kizima kilisimama. Mtu alimwaga chai na hakuna aliyeifuta.

Cleveland walisawazisha iningi ya nane, Rajai Davis, 6-6. Iningi ya tisa Ross akapewa besi kwa mipira minne mibaya, wakamwingizia mkimbiaji, na akatoka uwanjani kwa mara ya mwisho akiwa mchezaji. Mvua ikanyesha, dakika 17 za kusimama. Iningi ya kumi Ben Zobrist akaleta pointi ya saba, na Miguel Montero, mdakaji wa tatu kutumika usiku ule, akaleta ya nane. Ikaisha 8-7.

Walipokuwa wanashangilia pale katikati, Rizzo na mwenzake Jason Heyward wakamnyanyua Ross, kila mmoja bega lake. Hawakumbeba mwenye homurani nyingi za msimu wala mwenye milioni 155.

#9 Mdau

Mkuu umenitoa machozi kazini. Ila huyo Montero aliyeleta ya nane, ambayo ndiyo iliyowapa ubingwa ukihesabu, mbona hatumsikii? Aliishia wapi?

#10 Mleta uzi

Umeona mbali mkuu. Bila ile ya Montero ubao ungekuwa 7-7, maana Cleveland walipata moja kwenye zamu yao ya iningi ya kumi.

Montero alibaki Cubs 2017 kama namba mbili wa Willson Contreras. Juni 27 walicheza Washington, Jake Arrieta kilimani, Montero nyuma ya mpigaji. Washington wakaiba besi mara saba. Trea Turner peke yake nne. Baada ya mechi waandishi wakamzunguka Montero, naye akasema ukweli kama alivyouona: kwamba mrushaji anachelewa kuachia mpira, ndiyo maana wanakimbia, na lawama zinamrudia yeye mdakaji. Ukirudia video, Arrieta kweli alikuwa taratibu. Kwa hesabu za kiufundi Montero hakudanganya.

Lakini alimtaja mrushaji wake mbele ya vipaza sauti. Rizzo akasema hadharani kwamba hivyo havifai. Kesho yake asubuhi Cubs wakamwondoa kikosini, miezi minane haijatimia tangu ile hiti ya Cleveland.

Siku chache baadaye wakampeleka Toronto. Kule akawa mdakaji wa akiba wa Russell Martin.